Yai la Kiukraine halipakwi rangi, linaandikwa

Mnamo mwaka 1899 hivi, mchoraji wa Ufaransa Edgar Degas aliwachora wasichana wakicheza ngoma: sketi pana, mashada ya maua kichwani, riboni za buluu na manjano nyweleni. Kwa miaka mingi mchoro huo, ulioko National Gallery ya London, uliitwa kwa jina la wachezaji wa Kirusi. Aprili 2022 jumba hilo likaubadilisha jina, wachezaji wakawa Waukraine. Mwaka uliofuata Metropolitan Museum ya New York nayo ikabadilisha jina la mchoro wake wa Degas wa aina hiyo hiyo.

Picha hazikuguswa. Kilichobandikwa upya ni kikaratasi cha ukutani tu, na hapo ndipo fundo lilipo. Watu wa nje walivipenda vitu vya Waukraine kwa muda mrefu bila kujua ni vya nani. Kisha Februari 2022 Urusi ikaanza uvamizi wake mkubwa, jina la Ukraine likaenea kila mahali ndani ya wiki moja, na hali ikageuka. Sasa wengi wanalijua jina na bendera, ila hawajui kitu chenyewe kinatengenezwaje wala kinatoka kijiji gani. Alizeti na rangi mbili zinatosha kwa kibandiko cha gari. Mtu anayetaka kuwaelewa Waukraine itabidi ashike yai, au sufuria, au shati.

Jina lilipotelea wapi

Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya Ukraine ilikuwa ndani ya milki ya Urusi, na upande wake wa magharibi ulitawaliwa na Austria. Kwenye milki ya Urusi lugha ya Kiukraine yenyewe ilibanwa. Mwaka 1863 waraka wa waziri Pyotr Valuyev ulizuia kuchapishwa kwa vitabu vya dini na vya kufundishia kwa lugha hiyo. Mwaka 1876 mfalme Alexander II alitia saini amri nyingine akiwa mjini Ems, Ujerumani, iliyokaza zaidi: vitabu vingi vikapigwa marufuku, pamoja na maonyesho ya jukwaani na uingizaji wa vitabu vya Kiukraine kutoka nje. Pingu hizo zililegea baada ya 1905. Hata kabla ya marufuku hizo, aliyetaka kusomwa katika milki nzima aliandika Kirusi. Ndivyo alivyofanya Mykola Hohol, mzaliwa wa upande wa Poltava, ambaye dunia inamwita Nikolai Gogol.

Kwa hiyo msanii, mwimbaji au mwandishi wa Kiukraine aliyefika Paris mara nyingi alikuwa amepitia St Petersburg au Moscow, na mwenyeji wake alimwita Mrusi kwa sababu ndilo jina lililokuwa kwenye hati ya kusafiria. Umoja wa Kisovieti nao haukusaidia sana: nje ya mipaka yake, "Msovieti" na "Mrusi" yalikuwa neno moja.

Ila kubandua vikaratasi nako kuna mtego wake. Kazimir Malevich alizaliwa Kyiv mwaka 1879 katika familia ya Kipolandi, akakulia kwenye vijiji vya Ukraine, akapata jina Moscow na St Petersburg. Ukimwandika "Mrusi" umemkosea, na ukimwandika "Mukraine" ukanyamaza hapo umemkata vipande viwili. Makumbusho yenye busara huandika mji aliozaliwa na miji aliyofanyia kazi, kisha hukaa kimya.

Mbayuwayu aliyegeuka kengele

Wimbo wa Krismasi unaojulikana kwa Kiingereza kama wimbo wa kengele hauna kengele hata moja katika asili yake, na wala si wa Krismasi. Unaitwa Shchedryk. Mykola Leontovych, mwalimu na mtunzi kutoka Podillia, aliupanga kwa ajili ya kwaya, na ulisikika Kyiv mwaka 1916 ukiimbwa na kwaya ya wanafunzi wa chuo kikuu. Msingi wake ni noti nne zinazotumia sauti tatu tu: ya juu, inashuka kidogo, inarudi, kisha inaanguka. Kipande hicho hurudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na sauti nyingine za kwaya ndizo zinazopanda na kushuka pembeni yake. Anayeujifunza hukosea kwa kuharakisha na kwa kupaza sauti mapema. Ukianza kwa nguvu, huna pa kwenda.

Maneno yake yanamhusu mbayuwayu anayeruka hadi nyumbani kwa mtu na kumwita mwenye nyumba: toka nje, angalia zizini, kondoo wamezaa, utapata fedha, na mkeo ana nyusi nyeusi. Kidesturi uliimbwa mkesha wa mwaka mpya wa kalenda ya zamani, yaani Januari 13. Mbayuwayu anafanya nini kwenye theluji? Ufafanuzi uliozoeleka ni kwamba maneno hayo ni ya kale, ya enzi ambazo mwaka ulianza majira ya kuchipua, ndege walipokuwa wakirudi.

Mwaka 1919 kiongozi wa Jamhuri ya Watu wa Ukraine, Symon Petliura, aliituma kwaya iliyoongozwa na Oleksandr Koshyts izunguke Ulaya, ili nchi isiyotambuliwa ijitambulishe kwa kuimba. Kwaya ilifika Carnegie Hall, New York, Oktoba 5, 1922. Kufikia siku hiyo jamhuri iliyoituma ilikuwa imeshaanguka, na Leontovych alikuwa ameshauawa: mtu wa polisi ya siri ya Kisovieti alimpiga risasi Januari 23, 1921, nyumbani kwa baba yake. Mwaka 1936 Peter Wilhousky, mwanamuziki wa Marekani, akauandikia maneno mapya ya Kiingereza yanayosimulia kengele. Wimbo ukapendwa dunia nzima na mbayuwayu akafutika.

Yai mkononi

Kati ya vitu vyote vya Kiukraine vinavyopigwa picha na wageni, yai la Pasaka ndilo linalopendwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Watu huliita yai lililopakwa rangi. Jina lake, pysanka, limetoka kwenye kitenzi pysaty, kuandika. Lina ndugu yake, krashanka, ambalo ndilo la rangi moja, limechemshwa na huliwa. Pysanka ni bichi na haliliwi. Rangi zinazotumika leo kwa kawaida si za chakula.

Msomaji aliyewahi kuona batiki ikitengenezwa tayari anaijua siri. Nta huzuia rangi. Unachokiandika kwa nta si mchoro wenyewe, ni mahali ambapo rangi inayofuata haitafika. Kwa hiyo kazi yote inafikiriwa kinyumenyume.

Zana ni chache. Kalamu yake inaitwa kystka: kijiti chenye kimrija cha shaba cha umbo la faneli, tundu lake jembamba kama sindano. Utahitaji nta ya nyuki, mshumaa, penseli, karatasi laini za kufutia, na mitungi ya rangi yenye mdomo wa kuingiza kijiko. Kila kikombe cha rangi hutiwa kijiko kimoja cha siki nyeupe, kwa sababu asidi hulilainisha ganda kidogo na rangi ikashika. Rangi ya chungwa ya pakiti mara nyingi haitaki siki, basi soma maelezo yake kwanza.

Chagua yai lenye ganda laini lisilo na ufa. Linyanyue mbele ya taa ulizungushe. Kama lilikuwa kwenye friji, litoe saa kadhaa kabla, maana yai baridi hutoa jasho na nta haishiki juu ya unyevu. Lisafishe kwa maji yenye siki kidogo, bila kulisugua na bila sabuni. Mikono nayo iwe safi. Mafuta ya kujipaka huacha alama ya kidole ambayo huioni mpaka yai litoke kwenye rangi nyekundu, na hapo umeshachelewa.

Chora mistari ya mgawanyo kwa penseli kwa mkono mwepesi: mmoja wa kuzunguka kutoka ncha hadi ncha, mwingine wa kukata huo, wa tatu kiunoni. Ukikosea, usifute kwa raba. Itaacha uchafu utakaoonekana baadaye. Acha tu. Penseli hutoka na nta mwishoni. Mgawanyo mmoja maarufu unaitwa sorokoklyn, pembetatu arobaini, na wengi huuhusisha na siku 40 za Kwaresima. Ukizihesabu kwenye mayai mengi utakuta 48, kwa sababu yai hugawanyika kirahisi zaidi hivyo. Jina limebaki arobaini na hakuna anayejali.

Sasa nta. Pasha kystka kwenye mwali, chota nta, pasha tena mpaka iyeyuke, ijaribu kwenye karatasi, kisha gusa yai. Mkono wenye kalamu hutulia. Yai ndilo linalozunguka. Anayeanza hufanya kinyume, na mistari yake hupinda. Andika kwa nta kila kitakachobaki cheupe, kisha lizamishe yai kwenye manjano kwa dakika 5 hadi 15. Litoe, likaushe kwa kulibonyezabonyeza na karatasi bila kulisugua. Sasa andika kila kitakachobaki cha manjano. Kijani huwekwa kwa kijiti kidogo, doa kwa doa, pale tu kinapotakiwa, kisha hufunikwa kwa nta. Yai zima likizamishwa kwenye kijani, nyekundu itakayofuata itatoka kama matope. Halafu chungwa, halafu nyekundu, na mwisho nyeusi. Utaratibu ni kutoka rangi nyepesi kwenda nzito kwa sababu rangi huongezwa juu ya rangi, na iliyokwisha kuingia haitoki.

Mwisho wa kazi una bonge jeusi lenye makovu ya nta, kitu cha kusikitisha kabisa. Lisogeze ubavuni mwa mwali wa mshumaa, kamwe si juu yake, maana juu kuna masizi yatakayonata. Sekunde chache nta inang'aa. Futa kwa karatasi safi. Sogeza tena, futa tena, kipande kwa kipande. Nyeupe iliyofungiwa tangu mwanzo inatokea wakati huo.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Tone kubwa la nta likidondoka, ni kwa sababu kystka imejazwa kupita kiasi au imepata moto mno. Hata ukilikwangua, nta imeshaingia kwenye vinyweleo vya ganda na doa litabaki. Mafundi huligeuza kuwa nyota au ua na kuendelea. Mstari ukitoka hafifu, nta haikuwa na moto wa kutosha, ikakaa juu ya ganda bila kushika, rangi ikapenya chini. Yai likipasuka wakati wa kutoa nta, ulilishikilia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Je, ulitoboe ulitoe ute na kiini? Kidesturi yai hubaki zima, na kilichomo ndani hukauka chenyewe kwa miaka. Wengi siku hizi hulitoboa, lakini baada ya kumaliza rangi, kwa sababu yai tupu huelea na kukataa kuzama mtungini. Ukiliacha zima, liweke penye hewa, mbali na jua na mbali na kabati lililofungwa. Gesi hujikusanya ndani, na pysanka lililopasuka baada ya miezi mitatu litawatoa wote sebuleni. Vanishi iwe ya mafuta. Ya maji huiyeyusha rangi na kazi ya saa nane hupotea kwa mpako mmoja.

Wageni hupenda sana kuuliza alama zina maana gani, na orodha za majibu zimejaa: jua ni uhai, kulungu ni nguvu, mstari usio na mwisho ni umilele. Orodha hizo ni nadhifu kuliko ukweli. Alama ileile hubeba jina jingine kijiji cha pili, na mama aliyeifundisha hakuwa na kamusi. La uhakika zaidi ni mkono wa mahali. Mayai ya Kosmach, kijiji cha Wahutsul, yaani Waukraine wa milima ya Karpati, yana mistari myembamba mno, pembetatu ndogondogo, manjano na chungwa kama makaa. Kolomyia, mji ulio jirani na milima hiyo, umejenga jumba zima la makumbusho ya pysanka lenye umbo la yai, lililofunguliwa mwaka 2000. Desemba 2024 UNESCO iliingiza ufundi huu kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Ukraine pamoja na Estonia. Na Vegreville, mji mdogo wa Alberta nchini Kanada walikohamia wakulima wengi wa Kiukraine, una pysanka la alumini lililosimamishwa mwaka 1975. Lina urefu wa zaidi ya mita 9 kutoka ardhini na uzito wa zaidi ya tani mbili, nalo hugeuka upepo ukivuma. Mtaalamu wa kompyuta Ronald Resch alilazimika kutafuta hesabu ya kulijenga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mbinu tayari ya kutengeneza umbo la yai kwa vipande bapa.

Sufuria nyekundu, na kwa nini wakati mwingine hugeuka kahawia

Julai 1, 2022, UNESCO iliuweka utamaduni wa kupika borshch wa Ukraine kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu vita ilikuwa imewatawanya wapishi na kuharibu mashamba. Kilichoandikwa ni desturi ya upishi. Umiliki wa supu haukugawiwa kwa mtu. Wapolandi wana yao, Walithuania wana yao, na ubishi wa nani alianza haujawahi kumshibisha yeyote.

Kwa watu wanane: nyama ya ng'ombe yenye mfupa gramu 700, maji lita 3, bitiruti mbili kubwa, kabichi robo, viazi vitatu, karoti, kitunguu, maharage kikombe kimoja yaliyolowekwa usiku, nyanya ya kopo vijiko viwili, siki kijiko kimoja, vitunguu saumu punje tatu, majani ya shibiti. Chemsha mifupa kwa moto mdogo saa mbili hadi tatu, ukiengua povu. Chemsha maharage pembeni mpaka yaive. Kaanga karoti na kitunguu. Kwenye kikaango kingine weka bitiruti zilizokatwa njiti, mafuta, na ile siki, ufunike kwa dakika 20.

Mpangilio wa kuingiza vitu ndio upishi wenyewe. Viazi huingia kwanza kwenye mchuzi, vikilainika ndipo kabichi, na bitiruti na nyanya hufuata mwisho. Ukianza na nyanya, asidi itavifanya viazi viwe vigumu kama jiwe, na utavichemsha saa nzima bila mafanikio. Siki kwenye bitiruti huishika rangi. Bila asidi, na kwa moto mkali wa muda mrefu, nyekundu hufifia na supu hugeuka kahawia. Baada ya bitiruti kuingia, sufuria itokote taratibu dakika 10 tu. Saumu iliyotwangwa na chumvi hutiwa moto ukishazimwa, kisha funika ulale. Ya kesho yake ni bora. Juu huwekwa krimu iliyochacha, na pembeni mikate midogo yenye saumu, pampushky.

Desturi hutwanga saumu pamoja na mafuta ya nguruwe, lakini asiyetumia nguruwe hana haja ya kujiona anaghushi. Waukraine wenyewe wana borshch ya Kwaresima isiyo na nyama kabisa, yenye maharage au uyoga na mafuta ya alizeti, na baadhi yao huiona ndiyo tamu zaidi.

Shati linalosomwa begani

Shati lililodariziwa, vyshyvanka, ndilo vazi ambalo mgeni hulinunua kwanza na kulinunua vibaya. Mashati mengi yanayouzwa kwa watalii yamechapishwa kwa mashine, msalaba mwekundu na mweusi, ya popote na ya nani asijulikane. Kulipima ni rahisi: ligeuze ndani. Darizi ya mkono ina mafundo madogo na nyuzi zinazotoka ua moja hadi jingine. Iliyochapishwa haina kitu upande wa ndani. Ya mashine huwa na kitambaa cha karatasi kilichoshikizwa nyuma.

Kisha litazame begani. Kipande kinachounganisha mwili na mkono, ustavka, ndicho kinachobeba pambo kuu, na ndicho kinachotaja mahali. Poltava hudarizi nyeupe juu ya nyeupe, pamoja na kazi ya matundu yaliyokatwa na kuzungushiwa uzi. Aliyezoea kofia ya mkono ya Lamu au Unguja atasimama hapo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Borshchiv, eneo la magharibi, hujaza mkono mzima kwa uzi mweusi wa sufu, mzito kiasi kwamba mkono unalemea. Wahutsul hupenda chungwa na kijani. Kila Alhamisi ya tatu ya Mei ni siku ya vyshyvanka, iliyoanzishwa mwaka 2006 na wanafunzi wa chuo kikuu cha Chernivtsi, na mgeni anayelivaa siku hiyo hakosei mtu.

Na watu wenyewe

Sifa inayotajwa zaidi tangu 2022 ni jinsi Waukraine wanavyojipanga bila kungoja serikali. Wageni huiona kama muujiza wa vita. Ina jina la zamani: toloka. Ni ule ule msaragambo. Mtu anajenga nyumba ya udongo, majirani wanakuja siku moja, wanakanyaga udongo na majani makavu, wanakandika kuta, na mwenye nyumba anawalisha. Hakuna malipo, ila aliyekuja leo ataitiwa watu kesho.

Wakati wa vita toloka imehamia kwenye makopo. Kopo tupu la chakula hujazwa ukanda wa maboksi uliokunjwa kama konokono, upana wake sawa na kimo cha kopo, kipande kimoja cha katikati kikiachwa kichomoze kama utambi. Kisha humiminiwa nta au parafini ya mishumaa iliyoyeyushwa, taratibu, ili boksi linyonye. Likikunjwa kwa kubana sana nta haipenyi na moto huzima. Likilegea, nta huwaka haraka na kwisha. Mshumaa huo humchemshia askari chai handakini. Umetengenezwa kwenye madarasa, makanisani na majikoni, na wazee na watoto.

Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuleta swali hapa. Kabla ya uvamizi Ukraine ilikuwa na wanafunzi wa kigeni zaidi ya 76,000, na maelfu kati yao walitoka Afrika. Februari na Machi 2022 wengi wao walisimulia kusukumwa nyuma kwenye treni na mipakani huku wengine wakipitishwa, na Umoja wa Afrika ukatoa tamko la kulaani ubaguzi huo. Siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya katika Baraza la Usalama, Martin Kimani, alikuwa ameitetea mipaka ya Ukraine kwa hoja ya Kiafrika: nasi tulirithi mipaka tusiyoichora, tukachagua kutoipigania. Mambo hayo mawili yalitokea wiki moja na hakuna linalofuta jingine. Anayewapenda watu kwa kuwafikiria malaika atavunjika moyo mapema.

Kuna urafiki wa zamani zaidi usiojulikana vya kutosha. Mshairi na mchoraji Taras Shevchenko alizaliwa mtumwa wa shamba mwaka 1814, akakombolewa kwa rubo 2,500 mwaka 1838. Mwaka 1858, St Petersburg, alikutana na Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka Marekani aliyekuwa akiigiza Othello. Hawakuwa na lugha moja, walihitaji wakalimani. Shevchenko alimchora uso, na mchoro huo upo hadi leo.

Na Agosti 2021, Tokyo, mwanamieleka Zhan Beleniuk aliipatia Ukraine dhahabu ya Olimpiki. Alizaliwa Kyiv, mama Mukraine, baba rubani Mnyarwanda, na tangu 2019 alikuwa mbunge. Refa alipomwinua mkono, Beleniuk aliichezea ulingoni hopak, ngoma ile ile ya magoti na kuruka ambayo watazamaji wa Paris, enzi za Degas, waliiita ya Kirusi.